Mgeni wa wikendi asiishie kwenye chipsi

Mgeni njoo, mwenyeji apone, walinena wahenga. Lakini katika miji ya Busia na Tororo, wageni wanaotoka jijini kupumzika wikendi huja, wakala, wakanywa na kuondoka bila mwenyeji kupona.

Wengi hutoka Kisumu, Nairobi au Kampala. Wakishafika huagiza chipsi, kuku wa kisasa na bia ya chupa. Jumapili jioni wanarejea makwao wakiwa wamekula kile kile wanachokula kila Ijumaa karibu na afisi zao.

Sina ugomvi na chipsi. Swali langu ni moja: pesa hizo zinamfikia nani? Viazi hivyo hutoka nyanda za juu na bia hutoka viwanda vya mbali. Mkulima wa Iyolwa, wilayani Tororo, ambaye hupanda wimbi, mtama, muhogo, njugu na simsim, haambulii chochote.

Ndiposa ningependa kumshauri msomaji anayepanga safari ya huko.

Kuvuka mpaka si kazi ngumu. Tangu 2014, Mkenya na Mganda wanaweza kutembeleana kwa kitambulisho cha kitaifa. Katika kituo cha pamoja cha Busia, kilichofunguliwa rasmi na Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni mnamo Februari 2018, msafiri husimama mara moja tu, upande wa nchi anayoingia.

Asubuhi, kula roleksi upande wa Uganda. Ni mayai yaliyokaangwa kwa nyanya na kitunguu kisha yakaviringishwa ndani ya chapati moto. Huuzwa kando ya barabara, nawe unaona kwa macho yako kinachotiwa kikaangoni.

Mchana, tafuta ugali wa wimbi. Wapadhola huuita kwon kal, nao Wateso, ambao wanaishi pande zote mbili za mpaka, huuita atap. Mjaluo wa Kisumu hatapata taabu kuagiza, kwani Kidhopadhola ni lugha ndugu ya Kijaluo. Ule kwa mboga za kunde zilizoungwa kwa njugu au simsim iliyosagwa, kwa samaki wa Ziwa Victoria au kwa kuku wa kienyeji. Msimu wa mvua ukiwadia, kumbikumbi nao hawakosi.

Chakula hiki ni nadra kukiona kwenye orodha ya hoteli kubwa. Kitafute kwa akina mama wapishi siku ya soko, na kwenye vihoteli vya mabati. Usipojua pa kuanzia, muulize mwendeshaji bodaboda. Kazi yake ilizaliwa papo hapo mpakani, waendesha baiskeli walipokuwa wakivusha watu na mizigo huku wakiita "boda! boda!" Hadi leo wao ndio wanaojua nani amepika nini.

Jioni ni zamu ya malwa, ambayo Wateso huiita ajono. Unga wa wimbi huchachushwa, ukakaangwa, ukachanganywa na kimea, kisha ukatiwa chunguni na kumiminiwa maji moto. Wanywaji huketi kuzunguka chungu kimoja, kila mmoja na mrija wake mrefu. Maji yakipungua huongezwa mengine, na mazungumzo yakaendelea. Asiyetumia kileo ana uji wa wimbi, na hakuna atakayemcheka.

Hapa ndipo penye suala zito. Nchini Kenya, mama anayepika pombe ya kienyeji amezoea kukimbizwa na machifu na polisi. Chang'aa ilipigwa marufuku mwaka 1980, na hata baada ya sheria ya 2010, maarufu kama sheria ya Mututho, kuiruhusu kwa masharti, misako haikukoma. Mara nyingi mama wa busaa humwagiwa chungu chake pamoja na muuza sumu.

Sipuuzi hatari iliyopo. Mnamo Mei 2014, makumi ya Wakenya walikufa na wengine wakapofuka katika kaunti kadhaa baada ya kunywa vileo vilivyotiwa methanoli. Lakini hiyo si pombe ya wimbi iliyochachushwa chunguni. Kuviweka vitu hivi viwili katika kapu moja ni kumwadhibu mpishi huku mhalifu akitafuta kichochoro kingine.

Katiba ya 2010 iliziachia kaunti kazi ya kutoa leseni za vileo. Serikali ya Kaunti ya Busia, basi, haina sababu ya kungoja Nairobi. Iwatengee wapishi wa vyakula na vinywaji vya kienyeji mahali maalumu, iwape leseni za bei nafuu, maji safi na vyoo, kisha itume maafisa wa afya kukagua mara kwa mara. Wakuu wa Tororo nao wafanye vivyo hivyo kwa upande wao. Mama aliyesajiliwa anajulikana, anakaguliwa na ana jina la kulinda. Anayejificha vichakani hana.

Wenye hoteli kubwa nao wana wajibu. Haigharimu mengi kuongeza ugali wa wimbi na kunde kwenye orodha ya Jumamosi, na kununua unga moja kwa moja kwa wakulima wa Iyolwa na vijiji jirani.

Mgeni naye awe na adabu na tahadhari. Nunua mrija wako mwenyewe. Somo la janga la corona, lililofunga baa za Uganda kuanzia Machi 2020 hadi Januari 2022, tusilisahau upesi. Nawa mikono kabla ya kula. Na ukishaketi kwenye chungu, usiguse usukani hadi kesho yake. Lala huko huko, kwani kitanda unacholipia pia ni riziki ya mtu.

Wilaya na kaunti zetu hutumia pesa nyingi kunadi utalii, ilhali chakula kinachoweza kumvuta mtalii kinapikwa nyuma ya soko bila mfereji wa maji. Zianzie kwenye mfereji huo.