Nani Kasema Jangwani Hakuna Kitu?

Nilipowaambia wenzangu wa hosteli kule Adelaide, Australia, kwamba likizo ya katikati ya muhula nitaenda Coober Pedy, mmoja aliangua kicheko. "Utafanya nini huko? Huko hakuna kitu." Sikushangaa. Maneno hayo nimeyasikia hapa kwetu kila mtu akiambiwa amepangiwa kufundisha Turkana au Marsabit. Makomredi, leo nataka tuyapinge, manake ni maneno ya hatari kuliko tunavyodhani.

Coober Pedy ni mji mdogo jangwani, kilomita 850 hivi kaskazini mwa Adelaide. Nilipanda basi la usiku. Unalala, unaamka, barabara bado ni ile ile, imenyooka kama uzi. Kulipopambazuka nikaona vilima vidogo vyeupe, maelfu kwa maelfu. Nikadhani ni vichuguu vya mchwa. Kumbe ni udongo uliotolewa mashimoni na wachimbaji wa opali, jiwe la thamani ambalo rangi zake hubadilika ukiligeuza kwenye mwanga. Mwaka wa 1915, kijana wa miaka 14 aitwaye Willie Hutchison aliokota opali hapo akiwa kwenye msafara wa baba yake wa kutafuta dhahabu. Tangu hapo watu wamemiminika, wengi wao kutoka Ulaya, kila mmoja na ndoto yake.

Kiangazi joto hupita nyuzi 40, kwa hiyo watu wengi wamechimba nyumba ndani ya vilima. Mle ndani ni nyuzi 24 hivi, usiku na mchana, bila feni. Nililala katika chumba cha namna hiyo. Ukizima taa huoni hata kiganja chako. Kuna kanisa la Waorthodoksi wa Serbia lililochongwa ndani ya mwamba. Kuna uwanja wa gofu usio na nyasi, mchezaji anatembea na kipande chake cha zulia la nyasi. Nje ya mji vibao vinakuonya usikimbie wala usitembee kinyumenyume, usije ukatumbukia shimoni. Watalii hupiga picha, wakacheka, wakaondoka. Hata mimi nilipiga, siwezi kudanganya.

Lakini jina la mji ndilo lililonikamata. Linatokana na maneno ya wenyeji wa asili, kupa piti, ambayo kwa kawaida hufasiriwa kuwa "shimo la mzungu". Sasa jiulize: ili watu wakupe jina kama hilo, si lazima walikuwa pale wakikutazama ukichimba? Basi huo utupu uko wapi?

Kilomita 30 hivi kutoka mjini kuna Kanku-Breakaways, vilima vyekundu, vya manjano na vyeupe vinavyosimama peke yake kwenye tambarare. Jua likizama pale, hata mtu wa maneno mengi kama mimi hunyamaza. Wenyeji, Waantakirinja Matu-Yankunytjatjara, wanashiriki kuisimamia hifadhi hiyo, na mwaka wa 2011 mahakama ilitambua haki yao juu ya ardhi ya eneo hilo.

Haikuwa hivyo siku zote. Mwezi Oktoba 1953 Uingereza ililipua mabomu mawili ya nyuklia mahali paitwapo Emu Field, magharibi mwa huko. Kwa nini pale? Kwa sababu wakubwa walipaona patupu. Wenyeji walisimulia wingu jeusi lililowapitia, na watu wakaugua. Miaka ya 1990 serikali ya Australia ikaja tena na mpango wa kuzika taka za nyuklia katika jangwa hilo hilo. Safari hii akina mama wazee wa Coober Pedy, waliojiita Kupa Piti Kungka Tjuta, walikataa. Hawakuwa na pesa wala vyeo. Walikuwa na kumbukumbu ya lile wingu. Walizunguka nchi nzima wakizungumza, na mwaka wa 2003 wawili wao, Eileen Kampakuta Brown na Eileen Wani Wingfield, walipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Mwaka uliofuata serikali ikaachana na mpango huo.

Wapo watakaoniambia: komredi, pesa ni chache, zipelekwe penye watu wengi na mvua. Hoja hiyo ni ya zamani. Waraka wa Bunge Nambari 10 wa mwaka 1965 ulisema hivyo hivyo, kwamba Kenya iwekeze pale ambapo mapato yataongezeka zaidi. Matokeo yake tunayajua: mpaka leo kuna mtu wa kaskazini akipanda basi la Nairobi anakwambia anaenda "Kenya". Isitoshe, nimegundua kwamba anayekwambia mahali ni patupu mara nyingi ana kitu anachotaka kuchimba, kulipua au kutupa hapo.

Kwa hiyo ukipangiwa Lodwar au Moyale mwaka huu, usianze kutafuta mjomba wa kukubadilishia. Nenda. Na ukifika, kabla hujatoa simu kupiga picha, waulize wenyeji mahali hapo panaitwaje, na kwa nini.