Vioo Tisini na Kimoja, Nyota Moja

Kioo cha darasa letu hapa Kindu kilianguka kikavunjika. Wanafunzi walitaka kuvitupa vipande katika mto Lualaba, tukawazuia. Tulivibandika vipande kumi na viwili ubaoni kwa udongo mbichi, tukakigeuza kila kimoja mpaka mianga yote ikaangukia mahali pamoja ukutani. Likatokea doa moja la mwanga mkali, nao wakashangilia.

Kufika adhuhuri madoa yalikuwa yametawanyika. Watoto wakasema, "Mwalimu, ni jua limesogea." La! Jua likisogea huyahamisha madoa yote karibu sawasawa. Yaliyoyatenganisha ni udongo: ulipokauka ulinywea, ukavivuta vipande huku na huku.

Taabu hiyo hiyo wanayo wataalamu wa nyota. Darubini hutaka kioo kipana ili ikusanye mwanga hafifu wa mbali. Lakini kioo kikubwa mno cha kipande kimoja ni kizito, hupinda, tena ni shida kukisafirisha. Ndiyo sababu huunganisha vioo vidogo. Hapa hapa Afrika, huko Sutherland katika Afrika Kusini, ilifunguliwa mwaka 2005 darubini iitwayo SALT, yenye vioo 91 vya pembe sita, ambavyo pamoja vina upana wa mita 11 hivi.

Vikiachwa ovyo, vioo 91 vitaonyesha nyota moja kama nyota 91. Kwa hiyo umejengwa mnara kando ya darubini. Kutoka juu yake hutumwa mwanga, nao hurudishwa na vioo. Kila doa lililokosea hutambuliwa, na mashine ndogo tatu nyuma ya kila kioo hukisukuma hata kikae sawa. Lakini usiku chuma kinachovibeba hupoa na kunywea, na vioo huachana. Miaka mingi iliwalazimu wataalamu kukatiza kazi ili wavipange tena, na saa za usiku wenye anga safi zikapotea.

Walijaribu kutia vipimo kwenye kingo, kila kimoja kieleze kama kioo kimepanda au kimeshuka kuliko jirani yake. Vya kwanza vilidanganywa na unyevu wa hewa. Baadaye vikatiwa vingine vilivyo bora. Hata hivyo, vioo vyaweza kupatana jirani kwa jirani, na huku kioo kizima kinapinda polepole. Kwa hiyo mnara ungali una kazi.

Huko Chile inajengwa darubini ya mita 39, yenye vioo 798. Tufikirie kazi ya kuvipanga!

Wazazi wapenzi, mtoto akiwaomba kioo kilichovunjika, msimkemee. Funikeni kingo zake zisimkate, mwonyeni asitazame jua wala mwanga wake kiooni, kisha mpeni udongo. Wetu sasa huvipanga vipande vyao upya kila asubuhi, wala hawalilaumu jua tena.