Maulidi Yetu Yaandikwe kwa Majina ya Wenye Kazi



Baadhi yenu mmeniuliza nina maoni gani juu ya shauri la vijana wetu kwamba sherehe za ukoo ziorodheshwe: Maulidi ya Mfungo Sita, khitima ya mwaka, siku za Idi na mengineyo. Naliunga mkono shauri hilo, tena kwa nguvu. Lakini nina sharti moja, nalo ndilo lililonitia kalamu mkononi: orodha hiyo isiwe ya majina ya sherehe, iwe ya majina ya watu.

Kuorodhesha urithi si jambo geni. Mkataba wa UNESCO wa kulinda urithi usioshikika, uliopitishwa Paris mwezi wa Oktoba 2003, katika kifungu chake cha 12 huzitaka nchi wanachama ziandike orodha za urithi uliomo katika ardhi zao na kuzisahihisha mara kwa mara. Oman iliuridhia 2005, Kenya 2007, Tanzania 2011. Kenya ikatunga na sheria yake mwaka 2016, inayozipa kaunti wajibu wa kuweka rejesta ya maarifa na sanaa za jadi. Marekani haimo katika mkataba huo. Kwa hiyo sisi tunaokaa Columbus, katika mitaa hii ya University District iliyojaa wanafunzi na nyumba za kupanga, hatuna serikali itakayotudai orodha. Tusipoandika wenyewe, hapana wa kutuandikia.

Nimekuwa karani wa forodhani kwa zaidi ya miaka thelathini, na kazi yangu yote ilikuwa ya madaftari. Shehena ikiandikwa kuwa ni magunia mia mbili ya mchele, bila jina la mwenyewe, magunia yapo, lakini hayatoki ghalani. Hapana wa kuyadai wala wa kuyalipia. Vivyo hivyo mtu akiandika: “Maulidi ya Lamu, huadhimishwa Mfungo Sita, yangali hai,” hakusema uongo. Ila hakuandika kitu kitakachomsaidia mjukuu wake siku ya haja.

Maana hayo Maulidi ya Lamu ni nini hasa? Ni Msikiti wa Riyadha, mtaa wa Langoni, na kumbukumbu ya Habib Saleh, mzaliwa wa Ngazija aliyefariki mwaka 1935. Ni kitabu cha Simtud-Durar, kilichotungwa na Habib Ali al-Habshi wa Seiyun, Hadhramaut. Ni matari yaliyoingizwa msikitini, jambo ambalo baadhi ya wakubwa wa mji walilichukia mno wakati huo, kwani Habib Saleh aliwakusanya hata watumwa na wajukuu wa watumwa akawaketisha safu moja na watu waliojiona bora. (Wanaopenda kusema kwamba sherehe zetu hazikubadilika tangu na tangu wazingatie jambo hilo.) Ni goma, wanaume wamevaa kanzu, wamejipanga na bakora zao, wakienda kwa utulivu kama maji yanayojaa. Ni mashindano ya punda na ya mashua, ni bao, ni zefe na ziara ya makaburi.

Sasa ulizeni: nani huwamba ngozi ya tari? Ngozi hulegea kwa unyevu wa bahari, sharti iote moto kabla ya kupigwa. Nani hujua imetosha kwa kuigonga kwa kidole? Nani huanzisha kasida, na nani ana haki ya kuipokea? Nani huamua goma limekwisha? Kila swali lina jibu, na jibu hilo ni mtu mwenye jina na mwalimu wake. Makunduchi nako, kwenye Mwaka Kogwa, watalii hupiga picha kibanda cha makuti kinapoteketea. Picha hizo ni nyingi. Lakini kuingia kibandani na kutoka salama kabla ya moto ni kazi ya mtu aliyefundishwa, na picha haifundishi.

Mfano ulionikinaisha zaidi, hata hivyo, sikuutoa kwetu. Niliukuta hapa mtaani. Jumamosi za mpira wa Kimarekani mitaa hii haipitiki. Uwanja wa Chuo Kikuu cha Ohio State, uliofunguliwa mwaka 1922, huchukua watu zaidi ya laki moja, na bendi ya chuo hujipanga uwanjani ikaandika kwa miguu ya watu neno “Ohio”. Mwisho wa yote, mpigaji mmoja hutoka kwa mbwembwe na kwenda kusimama juu ya herufi i, yeye mwenyewe akiwa ndiyo nukta. Jambo hilo lilianza 1936. Mtu wa kwanza alikuwa mpiga tarumbeta ndogo, na jina lake linajulikana mpaka leo. Mwaka uliofuata kazi ikapewa mpigaji wa lile tarumbeta kubwa la kuvaliwa mwilini, na tangu hapo ikawa ni haki ya wapigaji hao, wa mwaka wa nne au wa tano wa utumishi, ukiwatoa waalikwa wachache wa heshima. Sisi tuliosoma chuoni kwa mbao twajua nukta ni kitu gani: moja chini ni ba, mbili juu ni ta. Watu hawa wamekwenda karibu miaka tisini na nukta moja, kwa sababu kila mwaka nukta ina mtu, na nyuma yake yupo anayengoja zamu.

Sisi je? Maulidi yetu ya mwaka jana tuliyasoma katika nyumba ya binti yangu. Udi ulifukizwa, marashi yalinyunyizwa, halwa ililetwa. Tulipofika kwenye kiamu, wote wakasimama, na sauti iliyotuongoza ikatoka katika simu. Ilikuwa sauti ya ami yangu, aliyekuwa akijua mahadhi manane ya Barzanji, aliyefariki Mombasa miaka mitatu iliyopita. Simu ilisoma vizuri, lakini haikuweza kutungoja. Watoto walipochelewa kuitikia, sauti iliendelea mbele na kuwaacha. Mahadhi manane, na katika nyumba ile hapakuwa na mtu chini ya miaka hamsini aliyejua zaidi ya mawili.

Wapo watakaosema kwamba Maulidi yenyewe ni bidaa, basi ya nini kuyaandika. Hoja hiyo naiheshimu, kwani wenye kuisema ni ndugu zetu, na baadhi yao wamesoma kuliko mimi. Walakini daftari si fatwa. Asiyetaka kusoma asisome; lakini anayetaka kukata shauri juu ya jambo, awe nalo au asiwe nalo, ni bora alijue lilivyokuwa. Aliyerithi ukimya hana alichokikataa.

Wengine wanasema tuwape chuo kikuu. Kweli, Ohio State ina kituo cha taaluma ya mila na simulizi chenye hifadhi yake, na sisi ni majirani. Nakala tuwape, nami nitaibeba mwenyewe. Asili ibaki kwetu. Tena yako mambo yasiyopasa kutoka kabisa bila ruhusa: Maulidi ya wanawake na nyimbo zao za ndani ni milki yao. Wao ndio wataamua kipi kisikike, na nani akisikie. Nawaomba wanaume wa ukoo wasijitwike usemaji katika jambo hilo.

Atakayedhani wanawake hawana la kuandika na awatazame Wabarawa. Vita vya Somalia vya 1991 viliwatawanya mpaka Mombasa, London na Marekani, na lugha yao ya Chimiini ikabaki bila mji. Miongoni mwa watunzi wanaowatukuza yuko Dada Masiti, mwanamke mchamungu, na tenzi zake zilihamishwa pamoja na watu. Mwaka 2018 Alessandra Vianello, Lidwien Kapteijns na Mohamed Kassim walichapisha kitabu kikubwa cha mashairi ya dini ya Barawa. Kitabu hicho ni neema. Lakini kiliwezekana kwa sababu walikuwapo watu waliohifadhi, na wenye kuuliza walijua waende kwa nani.

Basi daftari letu liwe na safu nne tu: kazi, mwenye kuijua, aliyemfundisha, na anayefundishwa sasa. Kazi ziandikwe zote, hata zile zinazodharauliwa. Anayejua kiasi cha udi kisichowaudhi wapangaji wa juu wala kuamsha king'ora cha moto ana ujuzi usiokuwapo Lamu, naye aandikwe. Kila nyumba ijaze yake, ya Columbus, ya Mombasa na ya Maskati, iniletee kabla mwezi wa Mfungo Sita haujaandama, na kila mwaka tuisome upya mbele ya wote kabla ya kuanza Maulidi. Aliyefariki apigwe mstari na kurehemiwa.

Safu ya nne isiyo na mtu iachwe tupu. Asitie mzazi jina la mwanawe kwa kuona haya, wala asimtie aliyesikia mara moja tu akapenda. Karatasi ya kwanza nimeshaipokea, ya binti yangu. Kahawa ya tangawizi ina watu wawili, udi una mmoja, kupanga wageni kuna watatu, wote wakigombana. Mahadhi yameandikwa manane, kila moja mstari wake, na safu ya nne ina jina moja tu, la mjukuu wangu wa miaka kumi na moja, penye mahadhi ya pili. Ameliandika mwenyewe, kwa herufi za Kiarabu.