Baridi kwa mmoja, jasho kwa mwingine



Mara hii tunaacha kidogo mambo ya lupangu, tuende mpaka New York. Katika jamaa zetu nyingi kuko mtoto ao mjukuu aliyekwenda kukaa Marekani, na habari zao za wakati wa baridi zinashangaza watu wa hapa. Mmoja anasema: "Theluji inaanguka, lakini mimi ninalala dirisha wazi, nyumba inaniunguza." Mwingine wa nyumba ileile, etaji ya juu, analala na koti. Wazazi wanauliza: je, mwenye nyumba anachagua watu?

Mara nyingi hachagui mtu. Sikilizeni namna joto linavyotembea.

Nyumba nyingi kubwa za mji ule zilijengwa mbele ya 1940, na nyingi zinapata joto kwa mvuke mpaka leo. Chini kabisa, mu kave, kuko shodieri moja inayochemsha maji kwa ajili ya wote. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke inataka nafasi ya lita 1.700 hivi. Mvuke unapanda ndani ya mabomba mpaka kwenye radiatere, kile chuma chenye mbavu kinachokaa karibu na dirisha. Unakipasha moto, unageuka maji tena, na katika nyumba nyingi maji yanarudi chini kwa bomba lilelile.

Shida njo hii: moto ukizimika, mabomba hayabaki matupu, yanajaa hewa. Mvuke hauingii fasi hewa inakaa. Waliofanya kazi chini ya udongo, Kipushi ao kwingine, wanajua: hewa isipopata njia ya kutoka, nyingine haiingii. Kwa hiyo kila radiatere ina kidude kidogo cha chuma kando yake. Kinapumua hewa, shiii, na mvuke ukikifikia kinajifunga chenyewe.

Mvuke unafuata njia rahisi. Vyumba vya karibu vinajaa kwanza, mama mzee wa mwisho wa bomba anangoja. Na kama chombo kinachopima joto kiko upande wa karibu, kinasema "inatosha", moto unazimika, mvuke haujamfikia bado.

Hapo watu wanapiga kelele: "Moto iko kidogo, ongezeni!" Wanaongeza, na yule wa karibu anazidi kutoka jasho, anafungua dirisha, mafuta ya bure yanakwenda kupasha njia. Shodieri zile kwa kawaida si ndogo. Baada ya ugonjwa mkuu wa mafua wa 1918, wafundi walizipima ziweze kupasha nyumba hata madirisha yakiwa wazi. Tena mvuke huu hautaki nguvu nyingi: shinikizo lake halipaswi kufika hata sehemu ya kumi ya lile la tairi ya gari.

Fundi anayejua anaanza kule kave. Anatia vidude vikubwa mwisho wa bomba kubwa ili hewa itoke mbio, na bomba analivika ili joto lisipotee njiani. Kisha anapanda. Vyumba vya mbali anavipa vidude vinavyotoa hewa upesi, vya karibu vinavyotoa polepole. Wa karibu anangoja dakika chache, wa mbali anapata. Lakini lazima apite mlango kwa mlango, na yule mwenye joto njo hapendi kufungua.

Mpangaji naye asipake rangi juu ya kile kidude, wala asikitoe. Robine ya radiatere yenye bomba moja ifunguliwe yote ao ifungwe yote. Nusu-nusu maji yanakwama, na usiku bomba linapiga sawa nyundo.

Vijana, hapa sichezi. Mwenye baridi anawasha furu ya gazi, anaacha mlango wake wazi, analala. Hewa ya sumu inayotoka, monoksidi ya kaboni, haina harufu. Ni ileile inayoua watu wa kwetu mwezi wa sita na wa saba, wakiingiza mbabula ya makala mu chumba na kufunga madirisha. Kichwa kikiuma, kizunguzungu na kutapika vikianza, tokeni nje wote, hapo hapo.

Waambieni watoto wenu wa kule kwamba sheria ya New York iko. Tangu tarehe 1 ya mwezi wa kumi mpaka 31 ya mwezi wa tano, kuanzia saa kumi na mbili ya asubuhi mpaka saa ine ya usiku, nje ikiwa chini ya digri 13, ndani lazima iwe 20 ao zaidi. Usiku, karibu 17, hata nje iwe namna gani. Asiyepata aandike kila siku saa na digri, aongee na majirani wa juu na wa chini, amwonyeshe mwenye nyumba karatasi ile. Akikataa, apige 311, namba ya mji.