Hidaya Isiyofunga Vidole

Katika nchi za kaskazini ya dunia, Krismasi huwakuta watu mikono imewafa ganzi kwa baridi. Na miongoni mwa hidaya zinazofumwa huko majira hayo yanapokaribia, ni chache zilizo ndogo kwa umbo na kubwa kwa manufaa kama glavu za sufu zisizo na vidole, zilizopambwa misokoto mgongoni. Rai yangu ni kwamba hidaya hii yastahili heshima kuliko inayopewa, na kwamba heshima hiyo yatokana na kazi inayoifanya mkononi mwa mpewa, wala haihitaji nasaba ya kubuniwa.

Glavu hizo husitiri kifundo, kiganja na shina la kidole gumba, zikaviacha vidole wazi, hata mwenyewe akaweza kuhesabu sarafu, kushika kalamu au kumfunga mtoto vifungo bila ya kuzivua. Gramu 100 za uzi wa unene wa wastani aghalabu hutosha jozi moja, ilhali sweta la mtu mzima hudai mara kadhaa ya kiasi hicho. Kwa sababu hiyo hata mwenye kipato kidogo aweza kununua sufu njema, na mwenye nafasi haba aweza kuimaliza kazi kabla ya sikukuu.

Msokoto wenyewe, ijapokuwa huonekana kama muujiza, ni ustadi wa kubadilishana nafasi. Mfumaji huvitoa vitanzi vichache katika sindano yake na kuviweka katika sindano fupi ya pembeni, akafuma vile vinavyofuata, kisha akavirejea vilivyongoja: vikingojea mbele, msokoto huelekea kushoto, vikingojea nyuma, huelekea kulia. Kwa kuwa vitanzi hupandana, kitambaa huwa kinene na kuhifadhi joto, lakini pia hujivuta na kupungua upana, hata asiyeongeza vitanzi tangu mwanzo hujikuta na glavu isiyopita kiganjani. Uzi nao uwe wa rangi moja isiyo ya giza, maana weusi na madoadoa huumeza msokoto, na taabu yote ikapotea machoni.

Sanaa hii imepata sifa kubwa kwa jina la visiwa vya Aran, vilivyo katika mlango wa ghuba ya Galway, magharibi ya Ayalandi. Wachuuzi hupenda kudai kwamba tangu kale kila ukoo wa huko ulikuwa na misokoto yake, ili mvuvi aliyezama atambuliwe kwa sweta lake. Dai hilo halina ithibati: sweta hizo zilianza kufumwa mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, tena nyingi zilifumwa kwa ajili ya tijara. Hadithi ya maiti inafanana na ile iliyomo katika mchezo wa kuigiza wa J. M. Synge, Riders to the Sea, wa mwaka 1904. Lakini humo kinachotambuliwa ni soksi, na anayeitambua ni dada wa marehemu, kwa hesabu ya vitanzi alivyovifuma na vilivyomponyoka. Alama ile ilikuwa ya mkono mmoja uliomfumia mtu mmoja, na kwangu mimi hiyo ni shani kubwa kuliko nembo ya ukoo.

Atakuwapo wa kusema kwamba mashine hufuma upesi na kwa bei nafuu. Ni kweli, na anayetafuta joto tu na aende dukani. Lakini mashine haimjui Fulani mwenye kiganja kipana, wala haijui kwamba sufu humwasha ngozi, au kwamba hufua kila kitu kwa maji ya moto, ambayo huisinyaza sufu ikawa ngumu. Mfumaji ayajue hayo kabla ya kununua uzi, kwani hidaya isiyovalika ni mzigo wa jamala kwa aliyepewa.

Sisi wa pwani, ambao Krismasi hutujia katika joto la kaskazi, hatuna haja ya glavu. Lakini tuna jamaa London na Toronto wanaongoja basi alfajiri katika theluji, na tunaoijua taabu ya kushona kofia ya kiua kwa mkono hatuhitaji kufunzwa thamani ya subira. Basi ewe msomaji mwenye ndugu katika baridi, uliza kipimo cha kiganja chake na uanze mapema. Na ukimwagiza fundi akufumie, mlipe ujira wa siku zake pamoja na bei ya uzi, maana ukarimu unaofanywa kwa jasho la mwingine lisilolipwa ni dhuluma.