Kontena halijapakiwa, Marekani wanataka kulijua

Vijana wenzetu, wimbo wa serikali ni uleule: jiajirini, uzeni nje. Sawa. Masharti ya huko nje anatufundisha nani?

Tangu Januari 2009, forodha ya Marekani inamtaka mwagizaji wa mzigo wa meli atoe taarifa saa 24 kabla kontena halijapakiwa melini: nani kazalisha, nani anauza, nani ananunua, bidhaa imetoka nchi gani, iko kundi gani la ushuru. Lilipojazwa kontena na aliyelijaza vinaweza kufuata baadaye, ila si chini ya saa 24 kabla meli haijafika. Kosa moja linaweza kuzaa faini ya dola 5,000.

Faini anapigwa mwagizaji, ndiyo. Lakini taarifa anazo nani? Ni wewe wa Mbinga mwenye kahawa yako. Ukichelewa kumjibu, mwakani ananunua kwa mwingine. Mkubwa ana wakala wa kumfanyia kila kitu. Wewe una simu na bando la kuungaunga.

Tunaitaka wizara ya biashara ibandike masharti haya kwa Kiswahili kwenye kila ofisi ya biashara ya halmashauri, kabla ya msimu ujao. Semina za posho hotelini hatuzitaki. Karatasi moja tu, inayosomeka.