Walikaribishwa Mezani, Kisha Jina Likapotea

Ukisema hapa chuoni unasoma ualimu, swali la kwanza ni: "Kozi nyingine zilikosekana?" Dharau hii haikuanza jana, na si yetu peke yetu.

Mwaka 1894, katika chuo cha ualimu cha Ypsilanti, jimbo la Michigan, Marekani, Georgia Fox na wenzake walianzisha umoja wa wasichana uliokuja kuitwa Pi Kappa Sigma. Kule umoja wa namna hii huitwa sororiti. Wanachama huitana dada, wana siri zao, nembo zao na matawi katika vyuo mbalimbali, na siku ya mahafali haifuti uanachama.

Sasa sikilizeni. Sororiti za vyuo vikuu ziliunda shirikisho lao la kitaifa mwaka 1902. Zile za vyuo vya ualimu zilibaki nje, kwa sababu vyuo vyao havikuhesabiwa kuwa sawa na vyuo vikuu vya kutoa digrii. Dada walimu hawakukaa kulia. Waliunda shirikisho lao wenyewe, la sororiti za elimu, wakaendelea na kazi.

Mwaka 1947 mlango ulifunguliwa, na sororiti sita za elimu zikaingia kwenye shirikisho kubwa. Ungedhani hapo ndipo mambo yalinyooka. Mwaka 1956 Delta Sigma Epsilon ikaungana na Delta Zeta. Mwaka 1959 Theta Sigma Upsilon ikaingia Alpha Gamma Delta, na Pi Kappa Sigma ikaingia Sigma Kappa. Kila mara jina lililobaki ni la mkubwa. Kwa hiyo ndani ya miaka 12 nusu ya zile sita zilikuwa zimetoweka. Na mwaka huohuo wa 1959, chuo cha Ypsilanti kilipewa hadhi ya chuo kikuu, Eastern Michigan University. Chuo kimepanda, jina la dada waliokianzia safari limeshuka kaburini.

Wapo watakaosema kuungana si kufa. Nakubali, wanachama walipata nyumba mpya. Wala sipambi sororiti hizo. Zilikuwa za kuchaguana, na nyingi za wazungu hazikuwakaribisha wanafunzi weusi, ambao tangu 1908 walikuwa na Alpha Kappa Alpha yao pale Howard. Sililii herufi za Kigiriki. Ninachouliza ni hiki: kwa nini heshima ya mwalimu ije pale tu anapoacha kuitwa mwalimu?

Nauliza kwa sababu jambo hili limetufikia. Muhula huu kuna hoja ya kuunganisha chama chetu cha wanafunzi wa elimu na chama kikubwa zaidi, eti kuokoa bajeti. Bajeti ni hoja ya kweli. Bumu lenyewe tunalijua. Lakini wakati wa BTP, mwenzetu akipangiwa shule isiyo na usafiri wala chumba cha kupanga, nani atamsemea? Kiongozi ambaye hajawahi kushika chaki?

Mimi sipingi muungano. Ninataka masharti matatu yaandikwe kwenye katiba kabla hatujapiga kura. Kwanza, neno "elimu" libaki kwenye jina. Pili, pawe na nafasi ya uongozi ya mwanafunzi wa ualimu, yenye kazi ya kufuatilia BTP, na ya kuchaguliwa na sisi wenyewe. Tatu, kumbukumbu zote za chama cha sasa, yaani katiba, mahesabu, mihtasari ya vikao na picha, zipelekwe maktaba na kuandikishwa, zisibaki kwenye laptopu ya mtu anayemaliza mwaka huu.

Chuo cha ualimu Chang'ombe kiligeuzwa kuwa DUCE mwaka 2005, kwa hiyo hata sisi tunajua vyuo hupanda ngazi. Hilo ni jema. Ila kupanda ngazi kusiwe kuwasahau waliozijenga. Habari za Pi Kappa Sigma zimetufikia kwa sababu kuna watu walitunza karatasi. Zetu ziko wapi? Mwenye jibu aje nalo kwenye kikao, na mwenye kura asiiuze kwa soda.